Ngozi ya Maksai

Uani kwetu, hapa Ng'ambo ya Tabora, pana kipande cha saruji chenye ukubwa wa mkeka, kati ya ukuta wa jirani na mlango wa karakana ya marehemu baba. Wageni huniuliza kama nilianza kujenga choo nikaishiwa. Nawaambia ndiyo, niliishiwa. Ni rahisi kuliko kuwaeleza kwamba chini ya saruji ile pana udongo nisiotaka uguswe na kuku, wala jembe, wala unyayo wa mtoto. Mimi nitazikwa, na watakaonizika nao watazikwa, na udongo ule utakuwa bado upo pale pale unangoja.

Nitajaribu kusimulia kwa utaratibu, ingawa utaratibu si tabia yangu. Nina hasira za karibu, na mdomo wangu hutangulia kufika kabla yangu. Baba alikuwa fundi ngoma, na alipenda kunitania kwamba ningekuwa ngoma angenilegeza kamba kidogo. "Umekazwa mno," alisema. "Mtu akikugusa kwa kidole kimoja tu, mtaa mzima unasikia." Nilikuwa nacheka. Tuliishi wawili tu katika nyumba ile tangu mama alipofariki na mimi kurudi kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, na utani wa baba ulikuwa ndio chumvi ya nyumba.

Kazi yangu ni mifugo. Nina pikipiki, boksi la chanjo, buti, na kata moja kubwa magharibi ya mji, kwenye njia ya kwenda Ulyankulu. Njia ya zamani ya misafara ilipita huko huko, ile iliyotoka pwani ikapumzika Tabora kisha ikaendelea mpaka ziwani. Wenyeji bado wanajua ilipokatiza. Watakuonyesha miembe mikongwe iliyojipanga mstari katikati ya mashamba ya tumbaku, na watakwambia hapa walilala, pale palikuwa na kisima.

Katika vijiji vile nilijulikana kwa neno moja: hewa. Niliwafundisha watu kupindua malundo ya samadi ili hewa iingie, kwa sababu bakteria wanaogeuza samadi kuwa mboji, wadudu wale wadogo wasioonekana kwa macho, wengi wao wanapumua kama sisi. Lundo likikosa hewa linateleza na kunuka. Likipata hewa linashika joto, na baada ya wiki kadhaa linanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Watu walilipenda somo hilo kwa sababu waliliona kwenye mahindi yao.

Kisha nikaja na somo la pili. Niliwaambia, ng'ombe akifa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, msimpasue, nipigieni simu. Hicho ni kimeta. Wadudu wa kimeta nao wanataka hewa. Ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa hawaipati, kwa hiyo mzoga ukioza nao wanaoza humo humo. Lakini kisu kikipita, damu ikamwagika, hewa ikawafikia, kila mmoja anajivika gamba gumu na kulala udongoni. Jua halimuui, ukame haumuui. Atalala miaka mingi kuliko umri wa mtu, mpaka siku ng'ombe mwingine atakapokuja kung'oa nyasi fupi na kumeza udongo wake.

Mzee mmoja akanyoosha mkono mkutanoni. "Bibi mifugo, mwezi jana ulituambia tuipe hewa. Leo unatuambia tusiipe. Sasa tushike lipi?" Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Nami nilicheka, lakini kwa shingo upande, maana niliona hawajaogopa.

Mimi niliogopa. Nikipita kando ya ile miembe nilikuwa nawaza punda na ng'ombe wa misafara walioanguka hapo, wakachunwa na watu wenye njaa, damu ikanywewa na ardhi. Hakuna anayejua kilichobaki. Ng'ombe akifa leo huwezi kusema ameuawa na mzoga wa mwaka jana au na mzoga wa enzi za babu wa babu yake mwenye ng'ombe. Nilikuwa natembea pale nimevaa buti na bado natamani kuinua miguu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nyasi zimeliwa mpaka kwenye mizizi. Saa tatu asubuhi mwenyekiti wa kitongoji kimoja alinipigia simu. Maksai wa mama mmoja mjane amekufa alfajiri, na damu inamtoka puani.

"Msimguse!" nikapiga kelele.

"Ndiyo, bibi mifugo," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana damu mpaka kwenye viwiko.

Lazima nieleze desturi, ili nisiwaonee watu wale zaidi ya nilivyokwisha kuwaonea. Kwetu huku mtu akifiwa na ng'ombe wa kulimia, huo ni nusu msiba. Majirani wanakuja, wanachuna, wanagawana nyama, na kila aliyechukua fungu lake atarudi siku za kilimo na jembe begani amlimie mwenye ng'ombe. Wanaita kumfuta machozi. Mjane yule alikuwa na maksai wawili tu. Bila jozi plau haiendi, na mvua zilikuwa zinakaribia. Kwa hiyo watu walipokimbilia kisu hawakuwa walafi. Walikuwa wanaokoa shamba la mwenzao kwa njia waliyoijua.

Nilipofika, mafungu ya nyama yalikuwa yamepangwa juu ya matawi mabichi. Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kanga kichwani, mwanamke wa umri wa mama yangu. Aliponiona alianza kuinuka ili tusalimiane. Sikumpa shikamoo. Nataka hilo likumbukwe, maana watu wote waliokuwa pale walilikumbuka.

"Nyinyi ni watu au ni fisi?" nikaanza, na baada ya hapo sikunyamaza. Nilipiga teke fungu la kwanza la nyama. Nilimwita mwenyekiti mpumbavu mbele ya wakwe zake. Kisha nikamgeukia mjane. "Na wewe mama, na mvi zote hizo, unataka kuzika kijiji kizima ili ulimiwe shamba?"

Alisema taratibu, "Nimefiwa, mwanangu."

"Subiri," nikamjibu. "Bado hujafiwa."

Haki ya Mungu, nilisema hivyo.

Wanaume walichimba shimo la kwenda kifuani. Tukatupa nyama, matumbo, matawi, na udongo wote uliolowa damu. Nikamwaga chokaa, tukafukia, tukarundika miiba juu. Ndipo nikakumbuka. "Ngozi iko wapi?"

Wanaume walimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama mjane, mjane akatazama chini.

"Imeshaingia shimoni," mwenyekiti akasema. "Iko chini kabisa."

Nikaandika majina ya kila aliyegusa kisu, nyama au damu, nikawasindikiza mwenyewe mpaka zahanati wapewe vidonge. Wawili walitokwa na vidonda baadaye, mmoja kwenye kifundo cha mkono na mwingine kidoleni, lakini dawa zilikuwa zimeshawatangulia. Wote niliowaandika walipona.

Ngozi haikuwa shimoni. Ngozi ilikuwa kwetu.

Hili nililijua baada ya siku nyingi, lakini wewe lijue sasa. Baba alikuwa na kazi ya ngoma kubwa ya misa ya upadrisho kule Kipalapala. Gogo la mninga lilikuwa tayari, amelichimba na kulipiga msasa mpaka linang'aa, na kwa ngoma ile alitaka ngozi ya mgongo ya maksai mzee, nene, iliyozoea nira. Alikuwa amewaachia maneno watu wa vijiji vya huko zamani sana. Maksai alipokufa, mtu akamjulisha, na baba akapanda baiskeli gizagiza la alfajiri. Simu yangu ilipolia yeye alikuwa ameshaondoka na ngozi ndani ya gunia.

Kila mtu katika ua ule alijua ni baba wa nani. Na kwetu mzazi wa mtu hatajwi kwa ubaya mbele ya mtoto wake, seuze mtoto mwenyewe akiwa amesimama pale anatukana watu wazima. Walimstahi baba, na mimi walinistahi pia, ingawa sikuwa nimestahili. Kwa heshima hiyo jina lake halikuingia katika orodha yangu.

Jioni nilirudi nimechoka, natamba. Baba alikuwa uani, karibu na pipa lake la kuloweshea ngozi. Harufu ya ngozi mbichi nimekua nayo, kwa hiyo haikunishtua.

"Humo mna nini?" nikauliza, kama nilivyouliza mara mia.

"Ngozi."

"Ya nini?"

"Ya chura," akasema. Nikacheka, nikaingia ndani kusonga ugali.

Tukala pamoja, ugali na mlenda, saa moja jioni, mlango wazi. Nikamsimulia. Nilisimulia vizuri, Mungu anisamehe, na sauti za watu nikiziigiza: ya mwenyekiti ikitetemeka, ya mjane ikisema nimefiwa. Nilitaja kitongoji. Nilitaja shimo, na miembe iliyo karibu nalo. Nilifika mahali pa "bado hujafiwa" na nikapiga goti langu kwa kicheko. Baba alikuwa ameshika tonge mkononi muda mrefu. Alilirudisha sahanini.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba." Akaisogeza sahani pembeni. "Hao wadudu, ngozi ikiloweshwa kwa chokaa, hawafi?"

"Baba! Lowesha, anika, ning'iniza juani miaka kumi, wamo tu! Watu wa ngozi ndio wanaokufa kwanza. Nimewaambia mpaka koo limenikauka, lakini hawa watu vichwa vyao ni vya mawe."

"Nauliza tu. Mimi ni mtu wa ngozi."

Nikamhutubia robo saa nzima, mkono hewani, juu ya uzembe na ujinga wa watu. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyekuja kwenye mkutano wangu. Nilipomaliza, au alipodhani nimemaliza, aliuliza swali moja.

"Yule mama ulimsalimia?"

"Kusalimia saa ngapi, baba? Watu wanataka kufa!"

Akanawa mikono, akasema Mungu aibariki kazi yangu, akaenda kulala. Mimi nikabaki naosha vyombo, nimeridhika na nafsi yangu.

Kesho yake nilipotoka kwenda kazini, pipa lilikuwa tupu limelala ubavu, na baiskeli haikuwepo. Jioni nikamuuliza ngozi imekwenda wapi. "Ilikuwa mbovu," akasema. "Nimeitupa." Nikasema heri, ilikuwa inanuka. Nilikuwa na cheti cha mifugo ukutani, nimekifremu, na bado nilisema heri, ilikuwa inanuka.

Siku ya nne alianza kuvaa taulo dogo shingoni. Mafua, alisema. Siku ya tano nikaona anageuka na mwili mzima badala ya kugeuza kichwa. Nikamuuliza kama shingo inamuuma, akasema haimuumi hata kidogo. Alisema kweli. Kidonda cha kimeta hakiumi. Kinaanza kama kipele cha mbu, kinawasha, kinapata maji, halafu katikati panaingia weusi kama mkaa, na mwenyewe anakaa akidhani kisichouma hakina neno. Hilo nawaambia watu kila mkutano. Sikuwahi kuwa na haja ya kumwambia baba, kwa sababu baba hakuwa kwenye orodha.

Jumapili alitaka kuvaa shati lake jeupe la kanisani. Kifungo cha kola kilikataa kufika. Alihangaika nacho mbele ya kioo, mwisho akaniita. "Njoo unisaidie, vidole vyangu vimezeeka." Nikamkaribia, nikashika kola, nikasogeza taulo pembeni.

Palikuwa na kidonda cheusi upande wa kushoto, chini ya sikio, na vilengelenge vimekizunguka. Shingo yote ilikuwa imevimba na kulainika mpaka kwenye mfupa wa bega. Nilishika kile kifungo na sauti haikutoka. Mimi, mwenye mdomo wa mtaa mzima.

"Hakiumi," baba akaniambia haraka, kama mtoto aliyekamatwa. "Usikasirike."

Jirani yetu, fundi bati ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alitupeleka hospitali kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu, akisoma dua njia nzima. Nilimwambia daktari neno lenyewe kabla hajauliza. Akanitazama, akatazama kidonda, akaanza kuagiza sindano. Aliniambia bila kuficha kwamba cha mkononi kingekuwa jambo jingine, lakini hiki kipo shingoni, na uvimbe unakwenda ndani, kwenye njia ya hewa.

Hewa! Nilitaka kucheka na kupiga ukuta. Miaka yote nazunguka vijijini nikilitaja neno hilo.

Kufika jioni baba hakuweza kusema. Macho yake yalikuwa mazima, na akili ilikuwa nzima. Niliinama nikamuuliza, kwa sauti ya chini nisiyojua nilikuwa nayo, "Baba, ile ngozi. Uliitupa wapi?"

Akainua mkono, akaonyesha dirisha la magharibi.

Upande wa magharibi wa mtaa wetu ni jalala. Watoto wanachezea huko, mbwa wanafukua, akina mama wanaokota makopo. Jumatatu asubuhi nilivaa glavu na buti, nikaenda kupekua taka mbele ya macho ya Ng'ambo nzima. Sikupata kitu. Nikapekua mtaro, nikapekua pagale lililo nyuma ya msikiti. Kila mbwa niliyemwona nilimtazama mdomoni. Fundi bati alikuja kunishika mkono. Alisema alimwona baba alfajiri ile akimwaga maji ya pipa kando ya ukuta wetu, pale penye saruji leo, kisha akafunga gunia kwenye baiskeli na kutoka. Alimpa salamu, na baba akamwambia anarudisha kitu cha watu.

"Cha watu gani?"

"Sikuuliza, dada. Mzee hakupenda kuulizwa."

Nilirudi hospitali. Sikumuuliza tena. Nilimshika mkono, ule wenye sugu za patasi, naye akaniminya vidole mara mbili, kisha akaonyesha tena magharibi, nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Jumatano saa nne asubuhi, sindano zikiwa bado zinaingia mwilini, baba alishindwa kupumua. Walijaribu. Niliwaona wakijaribu. Kuna mambo sitayaandika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, watu walisema msibani, wakidhani wananifariji. Nilitamani kuwafukuza wote. Lakini niliogopa mdomo wangu, kwa mara ya kwanza maishani, nikaufunga. Na hofu ya ngozi haikuniachia. Nimekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, wanawake wananiimbia nyimbo za kanisani, na mimi nawaza tu kwamba mahali fulani upande wa magharibi ngozi ya kimeta imelala wazi, mtoto ataikuta, na aliyejua iko wapi nimemzika jana.

Siku ya pili baada ya maziko, mchana, wageni waliingia kutoka kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mbele. Nyuma yake alikuja mwanamume mmoja mwenye gamba la kidonda kilichopona kwenye kifundo cha mkono. Wa mwisho alikuwa yule mjane, na debe la mahindi kichwani. Mahindi ya mwaka jana, kwa mwanamke ambaye mwaka huu hana plau. Alilishusha mlangoni, akaja kukaa kando yangu, magoti yetu yakagusana. Nilitazama chini.

"Pole, mwanangu," akasema. "Tumekuja kukufuta machozi."

Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

Alisema baba alichukua ngozi alfajiri ya siku ile, kabla sijafika, na wao wakaniambia uongo kwa kumstahi. Alisema kesho yake, kabla umande haujakauka, baba alirudi na ngozi ile ile, mbichi, inavuja maji. Baiskeli haikuweza kupita kwenye visiki mpaka shimoni. Akaitoa kwenye gunia lililochanika, akaibeba shingoni kama ng'ombe anavyobeba nira. Vijana wakakimbia kumpokea, akawakatalia. "Nyinyi mmeshaandikwa," aliwaambia. "Mimi sijaandikwa. Asiongezeke mwingine." Akaiondoa miiba peke yake, akachimba, akaifukia chini kabisa, akarudisha miiba. Kisha akaomba jivu na sabuni, akaosha mikono na shingo pale uani kwa mjane.

"Nilimwambia apite zahanati," mama akasema. "Akaniambia pale wanamjua ni baba wa nani, habari itakufikia kabla yeye hajafika nyumbani. Akasema atakueleza mwenyewe."

"Hakunieleza."

"Alisema anangoja siku ambayo utakuwa umetulia."

Nilikuwa naye nyumba moja siku tano. Tulikula meza moja, asubuhi na jioni. Nilijaribu kukumbuka ni saa ngapi katika siku zile tano nilikuwa nimetulia, na sikuipata hata moja.

Mama aliniacha nilie. Nilipopumua, akasema bado kuna kitu kimoja. Baada ya kunawa, baba alikuja mlangoni kwake, akavua kofia, akampa shikamoo.

"Mimi! Mzee wa watu, ambaye angeweza kuwa kaka yangu mkubwa. Nikashtuka, nikamwambia, mzee, unanitia dhambini. Akasema, 'Si yangu. Ni ya mwanangu. Jana alikuwa na haraka.'"

"Ukaitikia?"

"Sikuitikia," mama akasema. "Nilimwambia ataileta mwenyewe."

Wanawake walikuwa wamenyamaza kati ya wimbo na wimbo. Kule karakana, gogo la mninga lilikuwa limesimama bila ngozi, mdomo wazi. Niligeuka, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, nikaweka mkono wangu juu ya wake.

"Shikamoo, mama."

Machozi yake yakashuka kabla ya yangu.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa, mwanangu. Marahaba."